Je, wajua kwanini Wahawaii walikata ardhi kutoka mlimani mpaka baharini?

Ukiangalia ramani ya zamani ya visiwa vya Hawaii mipaka yake inashangaza kidogo. Sisi tumezoea viwanja vya mraba mraba vyenye bikoni kila kona, wao walikata kisiwa kama mtu anayegawa tikitimaji, yaani kipande kinaanzia juu kabisa mlimani, kinashuka na bonde, kinapita mashambani na kwenye nyumba za watu, kinaingia mpaka baharini kwenye matumbawe. Kipande kimoja ndo kinaitwa ahupua'a. Ahu ni rundo la mawe na pua'a ni nguruwe, kwasababu mpakani palikuwa na rundo la mawe ambapo watu waliweka sadaka na kodi ya chifu, ikiwemo nguruwe au sanamu yake. Kwahiyo jina lenyewe ni kama "rundo la nguruwe", sio jina ambalo ungetegemea kwa sehemu nzuri vile lol.

Sasa kwanini wakate hivyo? Maji. Kihawaii maji ni wai, na utajiri ni waiwai, yaani maji mara mbili, hapo ushaelewa akili zao zilikuwa wapi. Chakula chao kikuu ni kalo, ambayo ni majimbi haya haya tunayoyajua (Kenya mnaita nduma), ila wao wanayalima sana kwenye majaruba yenye maji kama ya mpunga. Maji yanachepushwa mtoni kwa mtaro, yanaingia jaruba la kwanza, yanatoka yanaingia la pili, la tatu, yanashuka hivyo hivyo afu yanarudi mtoni. Lazima yatembee, yakituama yanapata joto na mizizi inaoza. Mto nao unaenda kumwaga baharini, na pale maji baridi yanapokutana na ya chumvi ndo vifaranga vya samaki vinakulia. Kwahiyo mtu akifyeka msitu kule juu au akajivutia maji yote kwake, wa kwanza kulia ni mkulima wa chini, wa pili ni mvuvi.

Ungekata ardhi kwa kulala, mlima uwe wa huyu na pwani ya yule, ni ugomvi kila siku. Wao waliikata kwa kusimama, mlima na bahari vikawa chini ya msimamizi mmoja anayeitwa konohiki, aliyewekwa na chifu. Yeye ndo anapanga zamu za maji, anatangaza samaki fulani asiguswe msimu huu, anaita watu kusafisha mtaro. Na mgao wa maji ulifuata jasho, usipoleta mikono kwenye kazi ya mtaro usitegemee jaruba lako lijae. Wachaga wenye mifongo yao (mifereji ya kumwagilia) Kilimanjaro hapa hawahitaji maelezo zaidi. Halafu wa pwani alikuwa na haki ya kupanda msituni kuchukua kuni na miti, na wa bondeni naye ana haki ya samaki, ilimradi wote ni wa ahupua'a hiyo.

Ila msidanganywe na zile picha zinazochorwa zote zinafanana kama vipande vya pizza. Nyingine hazikufika baharini kabisa, na ukubwa wake ulitofautiana vibaya sana, kuna za ekari mia chache na kuna zinazofika makumi ya maelfu. Walifuata maji na maumbile, sio rula.

Mfumo ulivunjwa na karatasi. 1848 mfalme Kamehameha III aligawa ardhi kati yake na machifu, 1850 zikaja sheria za kuruhusu wananchi wa kawaida kudai vipande vyao na wageni kununua, na mwisho wa siku wananchi wakaambulia chini ya asilimia 1 ya ardhi yote. Mashamba ya miwa yakahamisha maji ya mito. Afu 1900, Hawaii ikiwa tayari chini ya Marekani, sheria mpya ikafungua sehemu kubwa ya maeneo ya uvuvi kwa yeyote, konohiki akabaki jina tu.

Kuna sehemu waligoma kuachia. Hā'ena, ahupua'a iliyo mwisho kabisa wa barabara kaskazini mwa kisiwa cha Kaua'i, familia zilichanga hela miaka ya 1870 zikanunua ardhi na kuimiliki kwa pamoja, mpaka 1967 ilipogawanywa kwa amri ya mahakama. Ungedhani ndo mwisho. 1999 vizazi vyao wakaunda chama, Hui Maka'āinana o Makana, wakaanza kufufua majaruba yaliyomezwa na vichaka ndani ya hifadhi ya serikali. 2006 bunge la jimbo likaitambua bahari yao kama eneo la uvuvi wa kujikimu linalosimamiwa na jamii, halafu sasa sikia, kanuni zenyewe zilisainiwa Agosti 2015. Miaka tisa ya vikao! Hairuhusiwi kuvua kwa biashara, huruhusiwi kuchoma samaki kwa mkuki usiku (samaki wamelala, huo sio uvuvi ni wizi, samahani kwa wahusika), na kuna sehemu moja ya bahari ndani ya matumbawe inaitwa Makua imefungwa kabisa iwe mahali pa samaki wadogo kukulia.

Kinachonivutia mimi ni kwamba kanuni hazimfukuzi mgeni. Zamani konohiki angeweza kusema hawa sio watu wetu wasivue hapa, leo sheria ya Marekani hairuhusi, kwahiyo wenyeji walichofanya ni kuandika masharti yanayombana kila mtu, wao wenyewe wakiwemo. Na hawana mamlaka ya kukamata, hiyo ni kazi ya maafisa wa jimbo. Wao wanashinda ufukweni wanaongea na watu, wakiona ubishi wanapiga simu. Walioko kwenye BMU zetu huku (vikundi vya wanajamii vinavyosimamia uvuvi ufukweni) wanajua shughuli yake.

Aprili 2018 ikanyesha mvua ambayo haijawahi kutokea, Waipā, ahupua'a isiyo mbali na hapo, ilipimwa inchi 49.69 ndani ya masaa 24, rekodi ya Marekani nzima. Barabara ikakatika, Hā'ena ikafungwa kwa watalii zaidi ya mwaka. Kabla ya hapo walikuwa wanafika mpaka 3,000 kwa siku, magari yamepaki hovyo kila mahali. Ilipofunguliwa Juni 2019 mwisho ukawa wageni 900 kwa siku, kwa kubuku mapema na kulipia, wenyeji wa Hawaii wao bure, na chama kile cha familia kikapewa nafasi ya kusimamia maegesho na mabasi. Ukishuka hapo unaenda beach kwa miguu juu ya daraja la mbao, na kinachopita chini yake ni maji ya majaruba ya kalo, yakiwa njiani kurudi mtoni.