Kidole tumbo kikikushika huko angani nani anakupasua?

Juzi jioni pale Deep Sea, Tanga, tunasubiri mashua zishushe samaki, vijana walikuwa wanaangalia video ya wanaanga kwenye simu, wakanigeukia mimi nesi wao wakanibana maswali mpaka magharibi ikaadhiniwa. Nayaweka hapa na nyie msome.

Dada nesi, huko juu kuna daktari?

Mara nyingine yupo, mara nyingine hayupo. Ila kuna mwanaanga anafundishwa kabla hawajaondoka, kushona kidonda, kung'oa jino, kuweka dripu, kupima ultrasaundi, halafu madaktari wa huku chini wanamwelekeza. Kuna mmoja alikutwa na damu imeganda kwenye mshipa wa shingo na wala hakuwa anajisikia vibaya, ilionekana tu kwenye ultrasaundi ya utafiti, akatibiwa hukohuko kwa sindano, tena dawa zilikuwa chache wakazitumia kwa hesabu mpaka chombo cha mizigo kikaleta nyingine. Kesi yake ilichapishwa 2020.

Moyo ukisimama je?

Mnakumbuka nilivyowafundisha, unapiga magoti, mikono imenyooka, uzito wa mwili ndo unasukuma kifua. Huko uzito hausikiki, ukisukuma mgonjwa anaenda kule na wewe unarudi huku. Kwa hiyo mgonjwa anafungwa mikanda kwenye ubao, anayemwokoa anasimama kichwa chini miguu juu, nyayo kakanyaga ukuta wa pili, mikono iko kifuani kwa mgonjwa, anasukuma kwa nguvu ya miguu. Mimi hapo nawavulia kofia kabisa.

Na operesheni?

Binadamu hajawahi kufanyiwa operesheni angani. Tatizo damu, haichuruziki chini, inajikusanya juu ya kidonda kama jeli, na mshipa ukirusha damu matone yanaelea chumba kizima. Hata dripu ni shida, mapovu ya hewa hayapandi juu, yanabaki yamechanganyika na maji, na ukitundika chupa haishuki mpaka isukumwe. Mwaka 2006 madaktari wa Ufaransa walimtoa mtu uvimbe mkononi ndani ya ndege inayopanda na kushuka kwa kasi, kila mara wanaelea kama sekunde 20 hivi. 2024 roboti mdogo alikata vipande vya raba kwenye kituo cha anga, anayemwendesha yuko Nebraska, Marekani.

Sasa kidole tumbo?

Antibayotiki na dawa za maumivu, ikigoma wanarudi. Chombo cha kurudia kimefungwa pale muda wote kama mtumbwi nyuma ya jahazi, na kituo kiko kama kilomita 400 tu juu. 1985 mwanaanga wa Kisovieti Vladimir Vasyutin aliugua ugonjwa mwingine, safari ikakatishwa wakarudi. Wewe wa Chumbageni usijitibu hivyo jamani, maumivu yakianzia kitovuni yakahamia chini kulia, na homa na kutapika, usikandwe, usinywe dawa ya kuendesha, panda bodaboda nenda hospitali saa hiyohiyo.

Si wangekitoa kabla ya safari?

Hili aliuliza mzee mmoja nahodha, swali zuri sana. Kumpasua mtu mzima wa afya nako kuna hatari, utumbo unaweza kushikana kwenye kovu ukaziba baadaye. Ila madaktari wa Australia wanaokaa Antaktika kipindi cha baridi lazima watolewe kidole tumbo kwanza, kwa sababu huko daktari ni mmoja tu, akiugua yeye hakuna wa kumpasua. Wa kwenda Mars, ambako kurudi ni miezi, bado wanabishaniwa.