Saa za ziada: hesabu huanzia kwenye juma, si kwenye mwezi

Kila baada ya siku za malipo, benchi iliyo mbele ya ofisi yetu ya Ukaguzi wa Kazi hapa Lubumbashi hujaa watu walioshika karatasi zao za mshahara mkononi, wengi wao wakitoka katika makampuni ya sutretansi, yaani yanayofanya kazi kwa niaba ya makampuni mengine, yanayohudumia migodi na viwanda vya upande wa Kipushi na Likasi. Madai yanayohusu saa za ziada yamekuwa mengi kiasi kwamba tumeona heri kueleza hesabu yake kwa maandishi, badala ya kuirudia kwa kila mtu mbele ya meza. Wanachodai wafanyakazi mara nyingi ni haki yao, lakini namna wanavyokihesabu mara nyingi si sahihi. Nao wahasibu wa waajiri hukosea vilevile, ila kosa lao, kwa bahati isiyoeleweka, huangukia karibu kila mara upande wa mwajiri.

Msingi wa jambo hili ni kifungu cha 119 cha Sheria ya Kazi ya Kongo (RDC) namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa na sheria namba 16/010 ya tarehe 15 Julai 2016. Kifungu hicho kinasema kwamba muda wa kazi hauwezi kupita saa 45 kwa juma na saa 9 kwa siku, na kwamba saa zinazofanywa kupita muda huo ni saa za ziada zinazolipwa kwa nyongeza ya mshahara. Viwango vya nyongeza vinatokana na agizo la waziri namba 68/11 la mwaka 1968, ambalo bado linatumika: asilimia 30 kwa kila saa katika saa 6 za kwanza zinazofuata saa 45 za juma, asilimia 60 kwa kila saa inayofuata hizo 6, na asilimia 100 kwa kila saa iliyofanywa katika siku ya mapumziko ya juma au katika siku kuu ya kisheria, kama vile tarehe 4 Januari, 1 Mei au 30 Juni.

Neno nyongeza lisomwe kama lilivyoandikwa. Saa ya ziada yenye nyongeza ya asilimia 30 hailipwi asilimia 30 ya saa ya kawaida. Inalipwa saa yenyewe kamili, kisha asilimia 30 huwekwa juu yake. Tumeona karatasi za mshahara ambazo mhasibu aliandika ile asilimia 30 peke yake na kuiacha saa yenyewe, akidai kwamba saa hiyo imekwisha kulipwa ndani ya mshahara wa mwezi. Haikulipwa. Mshahara wa mwezi unalipa saa 45 za kila juma, basi.

Ili kupata thamani ya saa moja, mshahara wa mwezi hugawanywa kwa 195. Wanaouliza namba hii imetoka wapi wazidishe saa 45 kwa majuma 52 ya mwaka, kisha wagawanye kwa miezi 12. Tuchukue fundi wa kuchomelea vyuma ambaye mshahara wake wa msingi ni faranga 585 000 kwa mwezi: saa yake moja ni faranga 3 000. Tuseme katika juma moja alifanya saa 10 kila siku kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, akaongeza saa 5 Jumamosi, na Jumapili kapita (msimamizi wake wa kazi) akamwita kwa saa 4 kwa sababu mashine iliharibika. Jumatatu hadi Jumamosi ni saa 55, kwa hiyo saa za ziada ni 10. Sita za kwanza zinalipwa faranga 3 900 kila moja, yaani 23 400. Nne zinazofuata zinalipwa faranga 4 800 kila moja, yaani 19 200. Saa 4 za Jumapili zinahesabiwa kando, kwa faranga 6 000 kila moja, yaani 24 000. Juma hilo moja linampa faranga 66 600 juu ya mshahara wake wa kawaida.

Fundi huyo akija kwetu, huenda akawa amekwisha kufanya hesabu nyingine. Kwenye karatasi yake kuna pia faranga 195 000 za nyumba na usafiri, na yeye amezijumlisha zote, akagawanya 780 000 kwa 195 na kupata faranga 4 000 kwa saa. Tunamwelewa, kwa kuwa fedha zote zinaingia mfukoni siku moja. Hata hivyo kifungu cha 7 cha Sheria ya Kazi kinaondoa waziwazi katika malipo ya kazi fidia ya nyumba, fidia ya usafiri, matunzo ya afya na posho ya familia ya kisheria. Primi, yaani malipo ya motisha, ni jambo jingine: kifungu hicho hicho kinazihesabu kuwa sehemu ya malipo, kwa hiyo mkataba wa pamoja wa kampuni usomwe kwanza kabla ya kusema kama primi fulani inaingia katika thamani ya saa au haiingii. Mwajiri anayebadilisha jina la sehemu ya mshahara na kuiita fidia ya usafiri, ilhali mfanyakazi anaishi ukuta kwa ukuta na karakana, asitarajie kwamba jina hilo litatuzuia kuuliza.

Kosa linalotusumbua zaidi ni lile la kuhesabu kwa mwezi. Mhasibu hujumlisha saa zote za mwezi, anaondoa 195, na akikuta hakuna kilichobaki anaandika sifuri. Mtu aliyefanya saa 55 katika juma la kwanza na saa 35 katika juma la pili, kwa sababu kazi ilipungua, anaambiwa kwamba majuma mawili yamefidiana. Hayafidiani hivyo. Saa 10 za juma la kwanza zilikwisha kuwa saa za ziada pale pale zilipofanywa, na wepesi wa juma linalofuata hauzifuti.

Kwa upande wa wafanyakazi, dhana iliyoenea ni kwamba kazi huanza pale basi la kampuni linapowachukua barabarani Katuba au Ruashi. Sheria inahesabu kuanzia saa mfanyakazi anapokuwa mahali pa kazi, chini ya amri ya mwajiri, mpaka kazi inapokwisha. Njia ya kwenda na kurudi haihesabiwi, isipokuwa kama safari yenyewe ni sehemu ya kazi, kama ilivyo kwa dereva. Tumelieleza jambo hili mara nyingi, na litaendelea kuwa hivyo hata tukiulizwa tena mwezi ujao. Lakini saa ambayo mtu amekwisha kufika karakana na anangoja vifaa kwa agizo la kapita ni saa ya kazi, hata kama hakushika nyundo. Kwa masentinele (walinzi) na kazi nyingine zinazofanana na hiyo, sheria inakubali muda mrefu zaidi wa kuwa mahali pa kazi uhesabiwe kuwa sawa na muda wa kawaida, na ndiyo sababu hesabu ya sentinele haiwezi kunakiliwa kutoka kwa ile ya fundi. Kazi ya usiku, iliyo kati ya saa moja ya jioni na saa kumi na moja ya alfajiri, ina nyongeza yake, ambayo haichukui nafasi ya nyongeza ya saa za ziada.

Mikataba mingi inayoletwa mezani ina sentensi inayosema kwamba mshahara uliokubaliwa unajumlisha saa zote za ziada. Mkataba, uwe wa mtu mmoja au wa pamoja, unaweza kumpa mfanyakazi zaidi ya sheria lakini hauwezi kumpa pungufu, kwa hiyo sentensi hiyo haina nguvu pale ambapo saa zilizofanywa kweli zinazidi kiasi kilicholipwa. Vilevile, mkataba ukiweka juma la saa 40, saa ya 41 hadi ya 45 si saa za ziada za kisheria, ila kama mkataba wenyewe umesema zilipwe hivyo. Na aliyetia sahihi kwenye kitabu cha malipo bila kulalamika hajapoteza haki yake kwa sahihi hiyo.

Anayepoteza haki ni anayechelewa. Kifungu cha 317 kinasema kwamba dai la mshahara hufa baada ya mwaka 1 tangu siku mshahara ulipopaswa kulipwa, na saa za ziada ni mshahara. Watu huja na miaka minne ya saa kwenye daftari, na inatubidi kuwaambia kwamba sehemu kubwa ya daftari hilo haina kazi tena. Kumkumbusha kapita kwa maneno kila mwezi hakusimamishi mwaka huo.

Dai huletwa kwanza kwa inspekta wa kazi wa mahali hapo, kwa maandishi, likiambatana na mkataba, karatasi za mshahara na orodha ya saa kwa juma. Majina ya wenzako wa zamu ileile husaidia kuliko kiapo. Inspekta huita pande zote mbili na kudai kitabu cha malipo, ambacho mwajiri analazimika kukionyesha. Kumzuia inspekta katika kazi yake ni kosa la jinai. Wakipatana, huandikwa hati ya mapatano. Wasipopatana, huandikwa hati ya kutopatana, na hati hiyo ndiyo inayofungua mlango wa Tribinali ya Kazi, kwa maana tribinali haipokei kesi ya mfanyakazi mmoja ambayo haikupita kwa inspekta. Inspekta anaweza pia kuandika hati ya kosa dhidi ya mwajiri na kuipeleka kwa mwendesha mashitaka, lakini faini itakayotozwa inakwenda kwa Serikali. Fedha za saa zako zinabaki katika dai lako mwenyewe, na ni hakimu peke yake anayeweza kumlazimisha mwajiri kuzilipa.