Je, wajua kwa nini jedwali hutoka tupu ilhali pampu zimejazwa taarifa?

Injinia wa mitambo amejaza nguvu ya kila pampu kwenye modeli ya jengo. Injinia wa umeme anafungua jedwali la vifaa ajumlishe mzigo: pampu sita zina kilowati zake, nne hazina kitu. Anabofya mojawapo ya zile nne, anakuta 7.5 imeandikwa pale pale, chini ya jina lilelile, "Nguvu ya Mota". Hapo lawama huanza, na kumbe hakuna aliyekosea kuandika.

Asha wawili wakikutana huitana somo, lakini hakuna anayewahesabu kuwa mtu mmoja. Revit, programu ya Autodesk inayotumika sana katika kazi za BIM (kuunda modeli za majengo zilizobeba taarifa za vifaa vyake), huzichukulia parameta vivyo hivyo. Parameta ni kile kisanduku cha taarifa unachokibandika kwenye kifaa: nguvu, mtiririko, uzito, namba ya kiwandani. Jina tumewekewa sisi binadamu. Programu yenyewe hutazama namba ya utambulisho ya biti 128, mchanganyiko wa tarakimu na herufi 32, ambayo parameta ya pamoja, yaani ile inayoweza kutumika katika miradi mingi, hupewa siku inapoundwa. Leo ukiunda "Nguvu ya Mota", na kesho mwenzako akaunda yake kwa jina hilohilo, herufi kwa herufi, hizo ni somo tu. Jedwali limeshikamana na namba ya kwanza. Pampu zenye namba ya pili zinaachwa wazi.

Basi kwa nini tujisumbue na parameta za pamoja? Kwa sababu nyingine hazifiki mbali. Parameta iliyoundwa ndani ya familia, yaani ule mchoro mama wa kifaa, hubaki humo humo: jedwali halioni, lebo haisomi. Parameta ya mradi huingia jedwalini, ila kwenye lebo ya mchoro haitokei. Ya pamoja ndiyo inayofika kote, hata mradi mwingine.

Sasa hawa somo huzaliwa wapi? Maelezo ya parameta hizi hukaa kwenye faili la maandishi la kawaida kabisa. Ukilifungua utaona kila mstari wa parameta unaanza na neno PARAM, halafu namba yake, jina, na aina ya taarifa. (Kulisoma ruksa, kulihariri kwa mkono, usithubutu.) Faili likipotea, modeli haigomi, kwa kuwa imeshabeba nakala ya maelezo yale. Hapo ndipo mtego ulipo: mtu anaona faili halipo, anatengeneza jipya kwa majina yaleyale akidhani ameokoa jahazi. Dawa ilikuwa kufungua familia ya zamani na kuisafirisha parameta kutoka humo kwenda kwenye faili, maana hutoka na namba yake ya awali. Familia zinazopakuliwa kutoka kwa watengenezaji wa vifaa nazo huja na parameta zao, na si ajabu jina likagongana na lako.

Aina ya taarifa nayo haibadiliki baada ya kuundwa. Aliyeifanya nguvu kuwa maandishi ataandika "7.5 kW" na itasomeka vizuri, lakini jedwali halitajumlisha maneno. Kwa maoni yangu kosa hili ni baya kuliko la majina, kwa sababu halijifichui mpaka siku ya kukokotoa mzigo.

Ofisi zilizokwisha kuonja machungu haya huweka faili moja kwenye seva, na mtu mmoja tu ndiye anayeruhusiwa kuongeza kitu humo. Somo wakishaingia kwenye modeli, inabidi kufungua familia moja moja na kubadilisha parameta. Nakili kwanza thamani zilizojazwa kwa kila pampu, la sivyo utazijaza upya.