Brasi haigumuki kwa kuchovywa majini

Dhana iliyoenea katika karakana za Mwanjelwa hapa Mbeya ni kwamba kipande cha brasi kikipashwa hadi kiive na kisha kuchovywa majini, kitakuwa kigumu kama kisu. Ukweli ni kinyume chake. Chuma chenye kaboni ya kutosha hugumuka hivyo, lakini brasi, ambayo ni aloi ya shaba na zinki, hugumuka kwa kugongwa, kuvutwa au kukunjwa ikiwa baridi, na joto la nyuzi 450 hadi 600 za Selsiasi huirudishia ulaini wake, iwe itapoa hewani au majini. Ukikunja na kukunjua bamba lenye shaba asilimia 70 na zinki 30, mwanzoni linatii, baadaye linakaza, na mwishowe linachanika upande wa nje wa kona. Fundi anayelipasha moto katikati ya kazi huendelea bila kulipasua.

Wengine huamini kwamba brasi zote ni moja. Zinki ikikaribia asilimia 40, aloi huwa ngumu kukunjwa ikiwa baridi lakini hufuata vizuri ikifuliwa moto, na ndiyo maana hutengenezewa koki. Risasi, yaani ile metali laini na nzito, ikitiwa asilimia 3 hivi haiyeyukiani na brasi bali hubaki kama vitone vidogo, hivyo mashine ya kukereza hutoa chenga fupi badala ya nyuzi ndefu zinazojisokota kwenye kisu chake. Brasi hiyo hiyo, ukiikunja baridi, hukatika mapema.

Kwa hiyo nasikitika ninapoona skrepa za brasi za kila aina zikitupwa katika chungu kimoja cha kuyeyushia. Tena zinki huchemka kwa nyuzi 907, karibu na joto la kuyeyusha brasi yenyewe, kwa hiyo kila uyeyushaji huipunguza, na moshi wake mweupe humletea mtu homa. Milango ifunguliwe, hata katika baridi ya Juni.

Si kweli pia kwamba brasi haiharibiki kwa kuwa haipati kutu ya chuma. Amonia kutoka kwenye samadi yenye unyevu huipasua brasi iliyobaki na mkazo, yaani nguvu zilizojibana ndani yake tangu ilipokunjwa baridi, ingawa haijabeba mzigo wowote. Kifaa kitakachofungwa kwenye banda la ng'ombe kipashwe kwanza kwa nyuzi 250 hadi 300 kwa takriban saa moja: mkazo huondoka, na sehemu kubwa ya ugumu hubaki.