Mwigizaji wa zimwi si mshirikina

Katika vibanda vya video vya Kondele na Nyalenda, hapa Kisumu, filamu ya kutisha haiishi bila mtu kunong'ona kwamba yule aliyeigiza zimwi lazima awe na agano na shetani. Wengine hudai hata sura ile ni yake ya kuzaliwa. Si kweli, na ushahidi mzuri ni Boris Karloff, mwigizaji maarufu wa filamu za kutisha za zamani.

Jina lenyewe ni la kisanii. Aliitwa William Henry Pratt, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1887. Alihamia Kanada mwaka 1909, akazunguka na vikundi vya maigizo, kisha Hollywood akawa anapewa sehemu ndogondogo huku akifanya kazi za mikono na kuendesha lori. Filamu ya Frankenstein, ambamo aliigiza zimwi, ilipotoka mwaka 1931 alikuwa anagonga miaka 44. Sura ile? Kazi ya mpambaji Jack Pierce, saa kadhaa kila siku kitini, halafu mabuti mazito na kuzunguka nayo kutwa nzima. Ukiniuliza mimi, hilo ndilo jambo la kutisha. Mgongo ulimsumbua miaka mingi baadaye.

Saa hizo ndefu zilimpeleka mahali ambapo wengi hawatarajii: mwaka 1933 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha kutetea waigizaji. Nyumbani alipenda bustani na kriketi, na alirekodi hadithi za watoto kwa sauti yake ya upole. Alifariki Uingereza mwaka 1969, akiwa bado mwigizaji.