Kikwazo: maana yake katika filamu za mapenzi za zamani

Kikwazo ni kile kinachowatenganisha wapendanao huku mtazamaji akitamani waungane. Filamu za mapenzi za miaka ya 1930 hadi 1950 hazichuji, na sababu kubwa ni kwamba vikwazo vyake ni vizito.

Tazama Brief Encounter (1945) ya David Lean. Laura anaingiwa na kitu jichoni stesheni, na daktari Alec anamtolea. Wanapendana, lakini kila mmoja ana ndoa na watoto. Mume wa Laura ni mtu mwema, na hapo ndipo penye ugumu: raha yao itamuumiza asiye na kosa. Siku ya kuagana, wamebakiwa na dakika chache tu mezani, mara anatokea shoga yake Laura, anaketi na kuanza kupiga soga. Alec hawezi kusema lolote. Anaweka mkono begani kwa Laura, anaubana kidogo, anatoka kuwahi treni. Mkono ule unachoma kuliko busu lolote.

Hollywood nako, kuanzia katikati ya 1934, kanuni za maadili zilikazwa na mabusu marefu yakapigwa marufuku. Katika Notorious (1946), Alfred Hitchcock alilikatakata busu: wapenzi wanabusiana, wanaachana, wanazungumza, wanabusiana tena, hadi dakika mbili na nusu hivi zinapita. Zuio hilo likazaa mvuto kuliko ruhusa.

Wengi wanaoiga mtindo huu hukosea hapa: wanategemea kutoelewana. Msichana anamwona kijana na dada yake, anadhani ni mpenzi, anakimbia. Kama simu moja ingemaliza hadithi, hicho si kikwazo, ni uzembe wa mwandishi. Kikwazo cha kweli hubaki palepale hata wote wawili wakishajua ukweli wote.

Awaara (1951), filamu ya Kihindi ya Raj Kapoor iliyopendwa mno katika majumba ya sinema ya Afrika Mashariki, inacho cha namna hiyo. Raj ni mwizi, Rita ni wakili, na jaji aliyemlea Rita ndiye baba mzazi wa Raj, aliyemfukuza mama yake Raj. Ukweli unafichuka mahakamani, Rita akimtetea. Hata hivyo Raj anafungwa miaka mitatu, na Rita anaahidi kumngoja.