Jua ya Goma na maji ya pisine: maswali ya bazazi

Vakansi kubwa imeingia na kila asubui mutoto anaamka na neno moja tu, mama pisine, mama pisine. Haya njo maswali yenye bazazi ba hapa Goma banauliza sana.

Huku kwetu iko baridi, jua itatuchoma namna gani?

Itakuchoma, na baridi njo inakudanganya. Joto yenye unasikia na miale yenye inaunguza ngozi ni bitu bibili tofauti, hiyo miale hauione na hauisikie. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, kila mita 1,000 unapanda miale inaongezeka kama 10% hivi juu hewa ya kuichuja inapunguka, tena tuko karibu na ikweta, jua iko kali mwaka muzima. Sasa upepo ya ziwa inakupiga, unasikia muzuri, batoto banakaa kwa maji saa nne nzima, usiku mabega inawaka moto na hakuna mwenye analala mu nyumba. Mawingu myepesi usiitumainie, inaweza kuacha hata 80% ya miale ipite. Na ndani ya maji haujajificha, nusu mita chini bado inabakia karibu 40%.

Angalia kivuli yako. Ikiwa fupi kuliko wewe, ni kama toka saa tatu mpaka saa tisa, toa batoto kwa maji ubaweke chini ya muti.

Krem ya jua si ya bazungu?

Ngozi nyeusi inasaidia kweli lakini haimalize kazi. Inaungua pia, tu haionyeshe wekundu, unasikia inauma na kisha siku kidogo inabambuka. Macho nayo haina ile kinga, jua ya miaka mingi inasaidia kuleta mutoto wa jicho. Na batoto albino, mama, hao jua inaweza kubaletea kansa ya ngozi bangali vijana, kwao krem si urembo, ni dawa, usibaache kwa jua hata dakika kidogo bila nguo na shapo.

Na wewe mwenye unajipakaa mafuta ya kuchubua: unaondoa kinga yenye Mungu alikupa, kisha unaenda kulala kando ya pisine saa sita. Tafazali dada.

Krem inunue yenye imeandikwa SPF 30 ao zaidi, upakae kama dakika 20 mbele ya kutoka, urudilie kila saa mbili na kila mara mutoto anatoka kwa maji. Kama feza haitoshe, tisheti ya mikono mirefu na shapo pana inatosha sana. Vaselini haizuie jua.

Maji inanuka klore sana, si njo safi?

Hapana. Ile harufu kali ni klore yenye imechanganyikana na mukojo na jasho ya batu, na njo hiyo inafanya macho kuwa nyekundu. Maji muzuri hainuke sana na unaona mpaka chini kabisa. Kama hauone chini, rudi nyumbani hata kama umeshalipa. Na bote baoge na sabuni mbele ya kuingia, bakubwa pia.

Mutoto alihara jana lakini leo ako muzuri. Aende?

Bado. Sisi batu ba Goma tunajua kipindupindu, bakubwa banakumbuka 1994. Klore inaua mikrobe mingi mbio, lakini kuko kimelea kimoja cha kuhara, kriptosporidi, kinaishi zaidi ya wiki moja mu maji yenye klore ya kutosha. Mutoto moja anameza funda moja ya maji, basi. Kama munganga aliona hiyo kriptosporidi, ungoje wiki mbili kisha kuhara kuisha. Kushi ya mutoto mudogo nayo haizuie kitu, umubadilishe mbali na maji.

Na ziwa, yenye ni bure?

Ziwa haina klore, kwa hiyo maji yake isiingie kinywani. Tena kuko mazuku, ile hewa ya kaboni yenye inalala fasi ya chini kando ya maji, haionekane na inaua, uliza benyeji ba ile fasi mbele ya kushuka. Kwa ziwa ao kwa pisine, mutoto akizama hapige kelele, anaenda kimya mu dakika kidogo tu. Mutu mukubwa moja akae anabaangalia, telefone ndani ya saki.